Daftari safi, mtoto hajui kusoma

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nisemee hili la kusoma na kuandika darasa la kwanza na la pili maana linaniuma sana.

Mimi nauza mitumba hapa Memorial, Moshi, na kijana wangu yuko la pili. Daftari lake ukilifungua utalipenda, mwandiko umekaa kwenye mistari vizuri kabisa, tiki nyekundu kila ukurasa, na mimi nikawa najua dogo yuko freshi. Siku hiyo nikamwambia hebu nisomee hapa ulipoandika jana, akaniangalia tu. Nikaweka kidole kwenye neno "kisima", akasema "mama". Yaani kaandika sentensi 6 kwa mkono wake na hajui hata moja inasema nini, alikuwa anachora tu ya ubaoni.

Nikaenda kumuona madam wake, sio kwa ugomvi, tukaongea vizuri tu. Akasema mama, humu wako zaidi ya 90, kipindi cha kusoma tunasoma wote kwa sauti ba be bi bo bu, cha kuandika wanakopi, nitampitia nani nimwache nani? Namuelewa na simlaumu. Ila kwenye kuitikia kwa pamoja mtoto anafuata mdomo wa mwenzake, na kukopi kunataka macho tu, herufi si lazima uzijue.

Mtaala ulibadilishwa 2015 ili madarasa hayo yakazanie KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, jambo zuri sana, lakini K mbili za kwanza zikifundishwa kila moja kivyake mtoto atajuaje kama ni kitu kimoja? Na Kiswahili chetu hakina makuu, irabu 5 tu, unaandika unavyotamka, labda wahangaike kidogo na mbwa, nywele, ng'ombe na ngoma.

Nyumbani sasa namtuma dukani na karatasi, mimi natamka yeye anaandika. Juzi kaandika sukari, chumvi, kibeti. Nikamwambia soma kwanza kabla hujatoka, akasoma su-ka-ri, chu-mvi, ki-be-ti, akasimama, "mama kibeti ndo nini?" alafu akacheka mwenyewe akachomeka ri kwa juu. Sijamsahihisha mimi, ni kule kusoma ndo kumemuonyesha alipokosea kuandika!

Hata darasa la watoto 90 hili linawezekana. Madam atamke maneno matatu, wasikopi popote, wakimaliza wabadilishane madaftari na wa dawati moja kila mtu amsomee mwenzake alichoandika, hapohapo kipindi kilekile. Mwenzako akikwama unajua umeruka silabi. Mwandiko utakuwa mbaya mwanzoni na sisi wazazi tusiende kulalamika.

Na wathibiti ubora wakija shuleni tunawaomba wasiishie kufunua madaftari, wamsimamishe mtoto asome alichoandika mwenyewe.

Mama wa mwanafunzi,
Moshi