Walimu, tufundisheni “bring up” pamoja na “vomit”

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na walimu wa Kiingereza walioko nyumbani, hasa wanaowaandaa vijana wetu kuja huku Uingereza kuhudumia wazee. Mimi ni mzaliwa wa Muheza, Tanga, na huu ni mwaka wangu wa nne katika kazi hiyo hapa Leeds.

Mwaka wangu wa kwanza, wakati wa baridi, niliingia zamu ya saa nane mchana. Mwenzangu niliyempokea alikuwa anavaa koti huku anaongea. Alipofika kwa bibi wa chumba cha mwisho akasema: “She brought her breakfast up.” Nyumba ile ya kutunzia wazee ina ghorofa, na chumba cha kulia kiko chini. Nikaelewa kwamba bibi amepanda na chakula chake akalie chumbani. Nikafurahi, maana siku mbili zilizotangulia alikuwa anakisukuma tu kwa kijiko. Nikaandika kwenye kumbukumbu za zamu kuwa asubuhi amekula.

Kumbe nilikuwa naambiwa bibi ametapika chakula chote. Ilipofika jioni midomo yake ilikuwa imekauka na alikuwa anamwita mumewe, aliyefariki zamani. Muuguzi alipokuja alisoma maandishi yangu, akaona bibi amekula, akaanza kutafuta sababu nyingine ya udhaifu ule. Muda ulipotea kwa ajili ya sentensi yangu moja. Bibi alipelekwa hospitali akatundikiwa dripu, akarudi siku ya tatu. Usiku ule nililia ndani ya basi mpaka nyumbani.

Nataka ieleweke kwamba sikuja huku bila Kiingereza. Nilikuwa na cheti cha mtihani, na alama zangu zilikuwa nzuri. Neno “vomit” nilikuwa nalijua tangu kidato cha kwanza. Hata “bring up” nilikuwa naijua. Daftari langu la sekondari lilikuwa na jedwali la safu mbili: kushoto “bring up”, kulia “kulea mtoto”. Nililikariri na nikapata vema. Hakuna aliyeniambia kwamba “bring up” hiyohiyo ni kutapika, kwamba kwenye kikao ni kuibua jambo lizungumzwe, na kwamba mtu mwenye sinia mkononi anaweza kweli kuwa anapandisha chai ghorofani.

Sisi tuliosoma shule za msingi za serikali tulisoma kwa Kiswahili tangu darasa la kwanza hadi la saba, kisha kidato cha kwanza tukakutana na baiolojia na jiografia kwa Kiingereza. Lugha hiyo tuliikuta kitabuni, na kitabu kina maneno yake. Nilijua “evaporation” na “respiration” kabla sijaweza kumwomba mtu avue viatu. Mengi ya maneno hayo marefu yana asili ya Kilatini na Kifaransa, na Kifaransa kiliingia kwa nguvu baada ya Wanormandi, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, kuiteka Uingereza mwaka 1066. Lakini mzee wa Leeds mwenye miaka tisini, akiumwa usiku, haongei maneno ya barua za ofisini. Anaongea aliyoyasikia kwa mama yake. Barua ya hospitali itasema miadi ime“postponed”. Yeye atakwambia “they've put me off again”. Daktari ataandika kwamba mgonjwa hawezi ku“tolerate” dawa fulani. Mgonjwa mwenyewe anasema hawezi ku“put up with it”.

Mimi huviita vitenzi vyenye mkia. Kichwa ni kitenzi kifupi ambacho kila mtu anakijua, kama “go”, “put”, “take” au “come”. Mkia ni neno dogo zaidi: “up”, “off”, “out”, “on”. Kwa sababu vyote viwili ni vifupi, mwalimu hudhani ni Kiingereza chepesi. Sivyo. Samuel Johnson, katika dibaji ya kamusi yake ya mwaka 1755, aliandika kwamba maunganisho haya ndiyo yanayowapa wageni ugumu mkubwa kuliko yote, naye alikuwa Mwingereza anayeitazama lugha yake mwenyewe. Mwaka 1930 C. K. Ogden, mtaalamu wa lugha Mwingereza, alitoa Kiingereza chake kilichorahisishwa cha maneno 850, chenye vitenzi visivyofika hata ishirini. Ili vitenzi hivyo vitosheleze mahitaji yote, ilibidi viunganishwe na maneno haya madogo. Kwa hiyo mgeni alipunguziwa maneno ya kukariri, na mikia ikabaki palepale ikimsubiri.

Chukua “gone off” peke yake. Tunatandika mkeka wa kengele chini ya kitanda cha mzee anayeamka ovyo usiku, akiukanyaga inalia kwetu. Mwenzangu mmoja kutoka Uganda, katika wiki yake ya kwanza, aliambiwa “his alarm's gone off”. Alidhani kengele imezimika, akaenda kuangalia waya ukutani, na kumbe imelia na mzee yuko wima gizani. Mzee hakuanguka, tunamshukuru Mungu. Na mtu hawezi kumlaumu kijana yule, kwa sababu taa ya korido ikiwa “gone off” ni kweli imezimika, na maziwa kwenye friji yakiwa “gone off” yamechacha. Ni maneno mawili yaleyale, na maana inatoka kwenye kitu kinachosemwa.

Walimu wangu, mnayo njia ya kulieleza jambo hili kwa lugha ambayo mwanafunzi amenyonya nayo. Kiswahili chetu hufanya karibu hivyohivyo, ila kinauingiza mkia ndani ya kitenzi. Tunasema kuhama, kisha kuhamia. Hapo maana inafuatika. Lakini kunuka na kunukia? Herufi moja imegeuza uvundo kuwa harufu nzuri. Kuamka na kuamkia? Kuona na kuonea? Mzungu akikariri kwamba “ona” ni “see”, akasikia mtoto analia “ananionea”, ataelewa nini? Mwanafunzi wa kidato cha kwanza anayajua haya yote bila kufundishwa, na hayamshangazi. Mkianza naye hapo, hataona “bring up” kama kituko cha Wazungu.

Hapohapo ndipo penye chanzo cha makosa yetu mengi. Kwetu “nisubiri” inajitosheleza, ndiyo maana tunasema “wait me”. “Nisikilize” inajitosheleza, ndiyo maana tunasema “listen me”. Halafu panaposimama kitenzi peke yake tunakiongezea: tunajadili kuhusu jambo, basi tunasema “discuss about”. Mwanafunzi akionyeshwa kosa linatoka wapi, hulishika haraka kuliko akichorewa mstari mwekundu.

Na fundisheni kwa sauti, si kwa jedwali. Mwenyeji akisema “take it off”, mkazo uko kwenye “off”, na lile “it” lazima likae katikati. Akisema “look after him”, mkazo uko kwenye “look”, na “him” haliwezi kuingia katikati hata kidogo. Mimi nilijifunza hilo huku, katika darasa la jioni, nikiwa na miaka thelathini na nne. Tangu hapo nikipokea zamu nasikiliza mpaka neno la mwisho, na nisipoelewa nauliza palepale: “Do you mean she was sick?” Hakuna aliyewahi kunicheka. Kwenye mafunzo yenu wawekeni vijana wawili wawili, mmoja amalize zamu, mwingine aipokee, na anayemaliza aongee haraka huku anavaa koti. Mpeni sentensi nzima: mzee “passed out”, yaani alizimia, lakini “he's come round”, amezinduka, dawa ya maumivu “is wearing off”, nguvu zake zinaisha, binti yake “dropped off some clothes”, alipita kuacha nguo, wakati baba “had dropped off”, alikuwa amesinzia.

Mdogo wangu yuko Tanga anasomea kazi hiihii. Juzi alinitumia picha ya daftari lake. Lina safu mbili: kushoto “bring up”, kulia “kulea mtoto”. Miaka kumi na saba imepita kati ya daftari langu na lake.

Mhariri, kama gazeti lako linaweza kutenga pembe ndogo kila wiki, sentensi tano tu za namna hii na maelezo yake kwa Kiswahili, mimi ninazo. Tangu siku ya yule bibi nimekuwa nikiandika kila ninayoisikia kazini, pamoja na aliyeisema alikuwa anafanya nini. Niko kwenye daftari la tatu, na nitayapiga picha yote na kuyatuma bila malipo.

Mhudumu wa wazee,
Leeds, Uingereza