Barua kwa Somoe: dirisha la mama

Mikindani, 14 Januari

Shoga yangu Somoe,

Assalaam aleikum. Najua nimekukalia kimya tangu msimu wa korosho uanze, na wewe umeniandikia mara mbili bila jibu. Unisamehe. Watoto wazima, Bi Esha anakusalimu na bado anakikumbuka kile kikoi chake. Naandika haraka kwa sababu Jumamosi Hamisi anakuja na fundi wa kuchomelea, wakate nondo za dirisha la mama waweke AC, na mimi nataka shauri lako kabla hawajafika.

Joto, Somoe. Kaskazi hii ikifika usiku inasimama kabisa, hata jani la mkungu halitikisiki. Mama tangu kiharusi hawezi kujigeuza mwenyewe upande wa kulia, basi analowa jasho pale pale alipolala. Mgongo umetoka vipele. Feni inazungusha joto lile lile. Namgeuza saa sita, namgeuza saa tisa, usingizi unamjia alfajiri watu wanapoamka. Korosho zimelipwa, na hela ya AC nimeiweka kando kabla haijapata kazi nyingine.

Tatizo ni dirisha. Unalijua, ndilo tulilokuwa tukichungulilia maharusi: refu, jembamba, milango miwili ya mbao inayofungukia nje, nondo za kusimama, na juu lile tao lenye nakshi za mbao alizochonga babu. Hamisi amepata AC ya dirishani iliyotoka kwenye ofisi moja iliyofungwa Mtwara mjini, wanataka laki tatu na nusu. Nia yake njema, mama ni shangazi yake na anamwonea uchungu kama mimi. Anasema tukate nondo, tung'oe nakshi, tuichomeke pale, panapobaki wazi tuzibe kwa plaiwudi.

Nimekwenda kuipima. Upana sentimita 66, dirisha 70, kwa hiyo ingeingia. Lakini mbavuni ina matundu pande zote mbili, na kwenye matundu hayo ndiko inakovuta hewa ya kupoza koili ya nyuma. Mbavu zile zinatakiwa zibaki nje. Ukuta wetu wa matumbawe na chokaa una unene wa nusu mita! Ikikaa mle ndani matundu yanatazamana na jiwe, AC inavuta moto wake yenyewe, na kompresa haimalizi kaskazi mbili. Tukiisogeza nje mpaka mbavu ziwe huru, itaning'inia juu ya baraza na maji yake yatawadondokea waliokaa.

Hata ingekaa vizuri nisingeitaka. Mama hatoki tena barazani, Somoe, baraza ndiyo inamjia dirishani. Muuza vitumbua anapita, "Shikamoo Bi Mkubwa." Watoto wa madrasa wanapita, shikamoo kumi kwa mkupuo. Mzee Chande akitoka msikitini baada ya alasiri anashika nondo na kumpa habari zote, nani kafiwa, nani kaposa. Mama lazima ajibu. "Marahaba" ndilo neno la kwanza lililomrudia ulimini, na lilirudi akiwa pale dirishani. Sasa nimwekee boksi la bati mbele ya uso, nimwambie hii ndiyo nafuu yako?

Ile ya magurudumu yenye bomba nayo nimeifikiria, sitaki. Bomba lake lina unene wa kama sentimita 15, nondo zetu zimeachana 12. Halafu inachukua hewa ya chumbani na kuitupa nje, kwa hiyo hewa ya moto inaingia upya kwa chini ya mlango. Unapoza na kupasha kwa wakati mmoja.

Imebaki spliti, kipande kimoja ukutani na kingine nje, dirisha lisiguswe. Hapo ndipo ninapolala na kuamka. Ukuta wa kichochoroni ungekuwa karibu, lakini kile cha nje kingempulizia Bi Esha joto na kelele usiku kucha, na yeye ndiye aliyemwogesha mama miezi miwili ya kwanza. Upande wa bahari chumvi itakila. Kwa hiyo kiende uani, chini, juu ya tofali, mahali ninapoweza kukisafisha kwa maji baridi ya bombani. Bomba la shaba litafika mita 7. Fundi friji wa hapa anasema lile linalokuja na mashine halifiki, tutaunga na kuongeza gesi. Nilimuuliza kama atavuta hewa yote kwa pampu kabla ya kufungulia gesi, akasema "tunaipuliza tu kidogo." Hilo sikulipenda. Kwenye hewa yetu yenye majimaji, unyevu ukibaki ndani ya bomba unaua mashine.

Na tundu lenyewe. Ukitumia nyundo kwa nguvu kwenye ukuta ule, jiwe moja likitoka linavuta wenzake. Mzee Chande amekubali kulitoboa mwenyewe kwa tindo, polepole, liinamie nje kidogo maji yasirudi chumbani, apitishe bomba la plastiki kama ala, kisha azibe kwa chokaa. Saruji hataki kuisikia. Anasema chokaa inapumua na saruji inaufungia unyevu ndani mpaka plasta inabanduka, na ukiangalia nyumba zilizokarabatiwa kwa saruji hapa mjini utaona hakosei. Kipande cha ndani atakifunga kwenye ubao uliolazwa, maana skrubu peke yake hazishiki matumbawe.

Bado dirisha linanirudia. Babu alilijenga litoe joto: hewa ya moto inapanda, inatokea kwenye nakshi. AC inataka chumba kizibwe. Nikiziba nakshi moja kwa moja, siku umeme ukikatika mama atakuwa ndani ya tanuri. Nimemwambia seremala atengeneze fremu nyepesi ya kioo, ikae nyuma ya nakshi kwa upande wa ndani, na bawaba juu, usiku naishusha, asubuhi naipandisha kwa kamba. Milango ya mbao ataipigilia mpira pembeni. Mchana dirisha wazi na nakshi wazi, usiku ndipo AC. Naona hiyo ndiyo njia, ila Hamisi anasema najitafutia kazi.

Ukubwa sasa. Chumba ni mita 4 kwa 3 na nusu. Kwa eneo hilo BTU 9,000, hicho kipimo cha nguvu ya kupoza, zingetosha, lakini dari yetu ya boriti iko juu karibu mita 4, kwa hiyo nafikiria 12,000. Hamisi anasema chukua 18,000 ipoze upesi. Mimi naogopa. Ikiwa kubwa mno inapoza dakika chache na kuzima kabla haijakausha hewa, na mama alale kwenye ubaridi wenye unyevu. Kifua chake hakitaki hivyo.

Umeme nao. Sisi tuko kwenye kundi la wasiozidi uniti 75 kwa mwezi. Tukiwasha AC kila usiku tutatoka humo, na kila uniti itapanda zaidi ya mara mbili. Ndiyo maana nataka inveta, isiyowaka na kuzima kwa kishindo usiku kucha. Na stabilaiza, maana umeme wetu unapanda na kushuka. Hamisi namwogopa kidogo, asije akadhani nimedharau alichonitafutia. Labda ningempa kazi ya kusimamia… sijui.

Basi shoga, utanipitia Kariakoo? 12,000 za inveta wanauzaje sasa hivi? Gesi ni R-32 au R-410A? Wakikuonyesha ya R-22 iache, hata iwe rahisi vipi, inaondolewa dunia nzima na mbele kuipata kutakuwa taabu. Koili ya nje ni ya shaba au ya alumini, na imepakwa dawa ya kuzuia kutu? Wana bomba la mita 7 zima, lisilo na kiungo? Yule fundi aliyewafungia kwa shemeji yako ana pampu, na akilipiwa nauli na kulala atakubali kuja huku? Na Hamisi nimwambieje?

Korosho kilo mbili amebeba mtoto wa Bi Esha, anapanda basi kesho alfajiri. Mpokee Mbagala, Rangi Tatu, usimwache azubae pale na mzigo. Nijibu kabla ya Jumamosi, hata kwa maneno mawili.

Mama anakusalimu. Nilipomwambia nakuandikia, amelitamka jina lako lote.

Wako,
Asumini