Mwanangu, zamu ya usiku si yako

Mwanangu mpendwa,

Nimeona nikuandikie, maana tukianza kuzungumza unanikatiza, "Mama, mimi sijachoka," halafu unaondoka kwenda kuangalia kama nimemeza dawa.

Kifafa kinaponiangusha mimi sioni wala sikumbuki kitu. Ni mama yako mdogo aliyenisimulia. Anasema unasogeza viti, unakunja sweta yako na kuniwekea chini ya kichwa, unanilegeza kola, kisha unatazama saa. Hunikandamizi ili nitulie. Siku moja mtu mzima alitaka kunitia kijiko mdomoni, ukamzuia, ukamwambia hakuna mtu anayemeza ulimi wake, na kwamba kijiko kingenivunja meno. Viungo vikitulia unanilaza ubavu ili mate yatoke na nipumue vizuri, unakaa nami mpaka nijue niko wapi. Na unajua kwamba zikipita dakika 5, au kikinirudia kabla sijazinduka, ni kuomba gari la wagonjwa hapo hapo. Wapo watu wazima wengi wasiojua hata nusu ya haya. Yashike, mwanangu. Yanaweza kumwokoa hata mtu usiyemjua, aliyeanguka njiani.

Lakini umejitwika na mengine, na hayo naomba uyatue.

Usiku nakusikia. Unakuja mlangoni, unasimama kimya ukisikiliza pumzi yangu, unarudi kitandani, baada ya muda unakuja tena. Kesho yake unasinzia darasani. Mtoto wa miaka 12 anahitaji kulala kwa muda wa saa 9 hadi 12 kila siku, nawe hufiki hapo hata kidogo. Sasa mama yako mdogo amehamia kwetu, kitanda chake kiko chumbani kwangu, na zamu ya usiku ni yake. Tumekubaliana hivyo mimi na yeye, watu wazima wawili. Wewe funga mlango ulale.

Dawa nazo nitazipanga mwenyewe kila Jumapili kwenye kile kikasha chenye vyumba 7, na simu yangu itanikumbusha. Kuruka dozi na kukosa usingizi ni katika mambo yanayokiamsha kifafa, kwa hiyo kuyachunga ni kazi yangu mimi mgonjwa.

Kuna jambo linaloniuma kuliko hayo yote. Umeacha kunibishia. Zamani nikikukatalia kitu ulikuwa unanuna, unabamiza mlango, tunapatana jioni. Siku hizi unameza maneno, unasema "sawa mama", kana kwamba ukiniudhi nitaanguka. Sikiliza: ugonjwa huu unatokana na umeme wa ubongo wangu unaovurugika. Hukuuleta wewe. Hata ikitokea tumegombana asubuhi na mchana kikanishika, hutakuwa na hatia yoyote. Namtaka mwanangu mwenye kelele, anayenuna na kunidai majibu. Muuguzi ninaye tayari.

Najua pia shuleni umeficha, unaogopa watasema ni mapepo au kwamba utawaambukiza. Kifafa hakiambukizi, na watu wapatao milioni 50 duniani wanaishi nacho. Ukiniruhusu, nitamweleza mwalimu wako wa darasa, ili siku ukichelewa usilazimike kutunga uongo. Usiporuhusu nitangoja, ila nitakuuliza tena.

Wala usidhani uko peke yako. Watoto wanaouguza wazazi ni wengi kiasi kwamba huko Uingereza sheria ya mwaka 2014 inazitaka mamlaka za mitaa zichunguze mtoto wa namna hiyo anahitaji msaada gani. Na Mkataba wa Haki za Mtoto, uliopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1989, unataja katika kifungu cha 31 haki ya mtoto kupumzika na kucheza. Kucheza, mwanangu, kumeandikwa kabisa, tena mtoto mwenye mama mgonjwa hakutolewa humo.

Basi Jumamosi nenda mazoezini. Simu iache ndani ya begi; kukiwa na la dharura mama yako mdogo atampigia kocha. Ukimaliza, usikimbilie nyumbani kama wenzako bado wanacheza.

Unijibu kwa maandishi, hata kama ni kwa hasira.

Nakupenda sana,
Mama yako