Tunaisema Marekani, kisha tunavaa shati la picha

Mhariri,

Wiki iliyopita nilisoma katika safu yako ya maoni kwamba vijana wa Nairobi ni mateka wa ndoto ya Marekani, na kwamba anayejaza fomu ya Green Card, ile bahati nasibu ya viza ya kuishi Marekani, ameikana nchi yake. Nina studio ndogo ya picha hapa Kawangware. Kwa zaidi ya miaka 10, msimu wa fomu ukifika mimi ndiye nimekuwa nikiwapiga picha hao "walioikana nchi" na kuwajazia fomu. Nadhani aliyeandika hajawahi kuketi na kuwasikiliza wakingoja zamu.

Hawaisifu Marekani hata kidogo. Wanaisema. Eti inapigana vita visivyoihusu, eti msaada wake hauna adabu. Jina la George Floyd, yule Mmarekani mweusi aliyeuawa na polisi, lilijulikana mwaka 2020 hata na akina mama wauza sukuma wiki. Basi zamu ikifika, yule aliyekuwa akipaza sauti kuliko wote anaomba kioo, anajifuta jasho, anafunga kifungo cha shingoni. Shati lenyewe mara nyingi ni langu. Nina mawili nyuma ya mlango, la buluu na la kijivu, kwa sababu kitambaa cha nyuma ni cheupe na ukivaa jeupe mabega yanamezwa.

Masharti ya picha nayajua kama sala. Iwe ya mraba, isiwe ya zaidi ya miezi sita, miwani itolewe, na isiguswe kwa kompyuta. Hilo la mwisho liliniletea ubishi mwaka 2023 na mzee mmoja, fundi wa viatu. Ana kovu kutoka pembe ya jicho la kushoto hadi karibu na sikio. Aliniomba nilifute. Nikamwambia haiwezekani, wakigundua picha imechezewa fomu inatupwa. Akanyamaza, kisha akasema, "Kijana wangu, hata kovu lenyewe nililipata mlangoni kwao."

Tarehe 7 Agosti 1998 alikuwa amepanda ghorofani kufuata soli katika jengo la Haile Selassie Avenue, jirani na ubalozi wa Marekani. Kukasikika mshindo wa kwanza, si mkubwa, naye akafanya walivyofanya wengi siku hiyo: akaenda dirishani kuchungulia. Bomu lenyewe lilipolipuka, kioo kikamjia usoni. Watu 213 walikufa hapa Nairobi, wengi sana wao Wakenya, na hadi leo manusura wetu wanazunguka wakidai fidia. Nikamuuliza, mzee, na bado unataka kwenda kwao? Akanijibu, "Fomu yao haijaniuliza mimi ni mtoto wa nani."

Mhariri, jibu hilo nimetembea nalo tangu siku ile. Fomu inauliza jina, tarehe na mahali ulipozaliwa, elimu, mke na watoto. Hakuna nafasi ya kuandika jina la mheshimiwa anayekujua. Hakuna barua ya chifu wala chai ya kumpa mtu wa masjala. Kinachotakiwa ni cheti cha kidato cha nne au ujuzi wa kazi inayokubalika kwao, kisha kompyuta inachagua. Ni bahati nasibu tu, na nafasi ni chache: sheria yao ya 1990 iliweka viza 55,000 kwa mwaka kwa dunia karibu yote, na nchi moja haiwezi kuzidi asilimia 7. Hata ukichaguliwa si kwamba umepata, kwa sababu huchaguliwa watu wengi kuliko viza zilizopo. Haya yote huwaeleza wateja wangu. Wananisikiliza kwa heshima, kisha wananiuliza kama shati la buluu liko huru.

Maana mtu aliyetuma barua za kazi 60 hapa mjini na kila mahali akaulizwa "umetumwa na nani?" haoni hiyo kuwa kamari. Kwake kuchaguliwa na mashine isiyojua kabila lake ni haki ambayo hajawahi kuionja. Kama hiyo ni kuikana nchi, basi tuulizane pia nchi ilimkana lini.

Lakini nisionekane ninawapigia debe. Novemba 2008 Obama aliposhinda, serikali ilitupa siku ya mapumziko, tarehe 6. Hapa mtaani watu walicheza, ndiyo, ila nakumbuka jambo lingine lililozungumzwa kwa sauti ya chini. Usiku wa matokeo McCain, mpinzani wake, alisimama akakubali kwamba ameshindwa. Sisi tulikuwa ndio tumetoka katika moto wa uchaguzi wetu wa 2007, ambao msuluhishi Kofi Annan alikuja kuuzima, majirani wengine hawajarudi nyumba zao. Jirani yangu kinyozi alisema angependa kuona jambo hilo hapa kabla hajafa. Kisha ikaja tarehe 6 Januari 2021, tukaona katika televisheni ya kinyozi watu wakivunja madirisha ya bunge lao kwa sababu mgombea wao ameshindwa. Kinyozi akazima mashine, akauliza, "Sasa nani atakuwa Kofi Annan wao?" Tulicheka sana, ila si kicheko kizuri.

Na mwaka 2025 walipofunga mfereji wa USAID, shirika lao la misaada, nilimwona mama mmoja wa jirani, anayemeza dawa za virusi vya UKIMWI, akihesabu vidonge juu ya meza yangu kama mtu anayehesabu nauli. Dawa hizo zilianza kumfikia kwa pesa za mpango ulioanzishwa na Rais Bush. Hakuilaani Marekani. Alitaka kujua tu kama atapewa za mwezi ujao.

Dada yangu yuko Minnesota. Anatunza wazee usiku. Akipiga simu wakati wa baridi, hapa ni saa moja asubuhi na kwake ni saa nne usiku, anaingia kazini. Kwenye picha anazotuma kuna gari na theluji. Mgongo unaomuuma hauko pichani. Nilimuuliza kwa nini hawaambii watu ukweli. Alisema ukisema umechoka, huku nyumbani wanasikia umekataa kutuma pesa. Mwaka 2024 Wakenya walio nje walituma karibu dola bilioni 4.9, zaidi ya nusu ikitoka Marekani. Ningependa siku moja mtu ahesabu na usingizi.

Wazee wetu walipokwenda ilikuwa tofauti. Ndege aliyoipanga mwanasiasa wetu Tom Mboya ilibeba wanafunzi 81 mwaka 1959, na mwaka uliofuata Wangari Maathai akaenda Kansas kusoma. Waliagwa wakitarajiwa kurudi kuijenga nchi. Siku hizi ukirudi kabla ya uzee unaulizwa kwa sauti ya kunong'ona kama ulifukuzwa.

Huyo fundi wa viatu alirudi Mei 2024 kuangalia majibu. Hakuchaguliwa. Aliomba nimchapishie tena ile picha, akaibandike kwenye kadi ya chama chao cha akiba, kovu na yote.

Nimalizie na ombi. Mwaka 2009 mwenye saiba moja, duka la intaneti, mjini alinijazia fomu, akabaki na namba yangu ya uthibitisho. Majibu yalipotoka alitaka shilingi 20,000 ndipo anionyeshe majibu. Sikuwa nazo, na mpaka leo sijui kama nilichaguliwa. Mchezo huo bado unaendelea. Kwa hiyo msimu wa fomu ukifunguliwa, chapisheni kwa herufi kubwa kwamba namba ile ni mali ya mwombaji, kwamba majibu huangaliwa kwa namba hiyo kwenye tovuti ya serikali yao, na kwamba hakuna mshindi anayejulishwa kwa barua pepe wala kwa simu ya mtu anayetaka pesa. Mimi huiandika nyuma ya bahasha ya picha, mara mbili, kwa kalamu isiyofutika.

Mpiga picha,
Kawangware, Nairobi