Mchungaji wa ndege aachwe alale hukohuko

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi kidogo. Huku mjini kuna maneno yanazunguka eti mchungaji anayepanda ndege kwenda kuhubiri umasaini anatafuna sadaka. Mi nimefundisha shule ya msingi bonde la Sale, wilaya ya Ngorongoro, miaka sita, na wanaosema hivyo hawajawahi kulala njiani kati ya Mto wa Mbu na Ziwa Natron gari limezama mchangani, masika ndo usiseme. Kwa ndege toka Arusha hata saa nzima haiishi. Na ndege yenyewe siyo hiyo mnayoiwaza, ni Cessna 206, siti sita rubani humohumo, na kabla ya kutua inapita chini mara moja kutimua ng'ombe na punda kiwanjani. Sasa anasa iko wapi?

Mimi langu ni lingine. Anakuja anaondoka. Anashuka saa nne asubuhi, abatize, meza ya Bwana, mahubiri yanatafsiriwa Kimaa kwa hiyo kila sentensi inasemwa mara mbili, saa nane rubani ashaanza kuangalia mawingu. Simlaumu rubani, ile ndege inarushwa kwa macho na kiwanja cha vumbi hakina taa, giza likiingia hatoki mtu. Ila namkumbuka mama mmoja, kafiwa na mwanae wiki tatu nyuma, kakaa chini ya mgunga tangu asubuhi akisubiri watu waishe ndo aongee na mchungaji, na watu hawakuisha, akaishia kuwekewa mkono kichwani na kuombewa dakika moja injini ishawashwa. Akanigeukia mimi: mwalimu, atarudi lini? Alirudi baada ya miezi miwili, yule mama kashahama na mifugo.

Australia huko, John Flynn, mchungaji aliyeanzisha huduma ya madaktari wa ndege mwaka 1928, kabla ya hapo alikuwa na wachungaji wanaozunguka jangwani kwa ngamia. Ngamia ni mpole wa mwendo, huwezi kuhubiri ukapanda ukawahi chai ya jioni mjini, unalala kwa watu utake usitake.

Sasa sisemi turudi kwenye ngamia jamani. Arusha kwetu kulikuwa na Flying Medical Service, huduma ya matibabu kwa ndege, ilianzishwa 1983 na padri ambaye ni rubani, hadi 2022 ilikuwa inazungukia kliniki vijijini kwa ratiba. Makanisa yafanye hesabu ya hivyohivyo: mchungaji ashushwe safari hii achukuliwe safari ijayo, hata kama ni siku nne tu, atembee boma kwa boma, akae msibani. Pa kulala papo, nyumba ya mwalimu ina chumba cha pili, na maziwa hayakosi, labda kiangazi kikali.

Mwalimu mstaafu,
Arusha