Shem, ile michoro ya Kolo haidaiwi risiti

Shem wangu mhasibu, nakuandikia hadharani maana kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza sentensi.

Siku ile tumetoka Dodoma alfajiri, kilomita kama 180 mpaka Kolo, kule Kondoa, kuona ile michoro ya kale ya kwenye miamba, tukapanda kile kilima jua linatuchoma visogo, umefika juu ukaangalia jiwe dakika moja ukasema "sasa hii ndo nini, mbona haieleweki", ukaenda zako kukaa kivulini na chupa ya maji. Yaani nilitamani nikurudishe kwa miguu.

Ni kweli haieleweki, sikatai. Kuna watu wembamba kama mabua ya mtama, rangi nyekundu, vichwa vimevimba kama wamejitwika mizinga ya nyuki, na katikati yupo mmoja ameshikwa mikono huku na huku. Wengine wanasema anatekwa, wengine wanasema hapana, hiyo ni ngoma imekolea. Mwanaakiolojia Mary Leakey alikuja mwaka 1951 akapiga kambi ananakili michoro ya huko, mwaka 2006 UNESCO wakaiingiza kwenye urithi wa dunia, na kesi ya yule wa katikati mpaka leo haijaisha. Mi ndo napapendea hapo hapo, shem. Mtu kaandaa rangi yake, kachuchumaa chini ya jiwe, kavuta mstari mwembamba kama uzi akauita mkono, kisha kaondoka hajaacha maelezo yoyote. Na wenyeji bado wanapanda huko kufanya matambiko yao, hawamsubiri mtaalamu amalize ripoti.

Halafu we mwenyewe unakaa kwenye jiji lenye jina la tembo aliyezama kwenye tope, idodomya, ndo Wagogo wanavyosimulia. Tembo hayupo, tope lenyewe ukilitafuta mwezi wa tisa unaambulia vumbi la kukohoa, lakini serikali nzima imehamia hapo na sijawahi kukusikia ukiuliza mbona haieleweki. Na ule mbuyu nyuma ya kwako je? Miezi kibao umesimama uchi kama umekufa, siku ukiamua kutoa maua unayafungua jioni watu mkiwa kwenye taarifa ya habari, wageni wake popo, kesho yake ua limeshaanza kunyauka. Hesabu gani hiyo? Toka nje siku moja na tochi ukaone, ni hatua ishirini tu kutoka kwenye kochi.

Ila nilikuona bana. Tunarudi, tumeshapita Kondoa, wote wamelala, we uko siti ya nyuma umeshika simu unaikuza ile picha, unaikuza tena, umefika kwenye ule mkono wa yule wa katikati ukaukodolea macho mpaka skrini ikazima yenyewe, ukaiwasha tena.

Nitumie basi hiyo picha, yangu imetoka na kidole.