Daktari yuko ng'ambo ya mlima

Inverness, 9 Novemba

Shoga yangu Mwanaidi,

Waraka wako nimeupata na picha za watoto nimeziona, mashaallah wamekua. Mimi mzima, baridi tu ndiyo inayonitoa roho.

Nikupe kisa. Yule bibi ninayemhudumia aliniomba nimtafutie habari za wazee wake waliozaliwa Sutherland, wilaya ya milimani huku kaskazini mwa Uskoti, basi siku zangu za mapumziko nashinda kwenye jumba la nyaraka nikifunua madaftari ya vifo. Yalianza mwaka 1855. Kila ukurasa una watu watatu, na mkabala na kila jina huandikwa maradhi na daktari aliyemwona marehemu. Kurasa za kule milimani, shoga, utachoka: "hakuna daktari", "hakuna daktari", wino ule ule, mwandiko ule ule. Pengine karani hata maradhi hakuyajua, kaandika uzee, yakaisha.

Na hii ndiyo nchi iliyokuwa ikifyatua madaktari kama matofali! Walisoma Edinburgh na Glasgow, kisha wengi wakapanda meli. Unamkumbuka John Kirk wa somo la historia, balozi wa Waingereza aliyembana Sayyid Barghash, sultani wetu, mwaka 1873 mpaka soko la watumwa likafungwa? Kumbe alikuwa mtoto wa mchungaji wa parokia ya shamba, Barry, pwani ya mashariki. Alifuzu udaktari Edinburgh, na Unguja alikuja mwaka 1866 kwa kazi hiyo hiyo ya udaktari. Sisi tukampata. Wa milimani walibaki na mchungaji wao na kikasha chake cha dawa.

Usidhani sheria haikuwepo. Ya mwaka 1845 iliipa kila parokia halmashauri ya maskini, na maskini aliyeandikishwa akawekewa daktari na dawa. Miaka mitatu baadaye Bunge likaongeza pauni 10,000 kwa mwaka. Kasoro ilikuwa hapo kwenye kuandikishwa. Mwenye kishamba cha viazi na ng'ombe mmoja hakuhesabiwa fukara, kwa hiyo alilipa mwenyewe, na daktari akikaa ng'ambo ya mlima, bei ilipanda kwa urefu wa njia. Kuna farasi, kuna mashua, kuna siku nzima iliyopotea. Watu wakangoja kidogo, waone kama homa itashuka. Anapokuja kutumwa mtu, mgonjwa keshakata kauli.

Daktari naye namhurumia. Aliyemwajiri ni halmashauri ya walipa kodi, na wakimchoka walimtoa. Sasa nani atathubutu kuwaambia kisima chao kichafu?

Lakini kilichonitoa machozi ni St Kilda, kisiwa cha mbali kabisa huko magharibi, watu siku hizo walikuwa hawafiki mia. Mtoto anazaliwa mzima, ananyonya vizuri, baada ya siku chache anaacha titi, taya linakaza, siku ya nane hivi wanamzika. Wewe mkunga ushajua: pepopunda. Zaidi ya nusu ya watoto wachanga walikwenda hivyo, miaka nenda miaka rudi. Wapo wanaoshuku mafuta ya ndege wa baharini yaliyopakwa kitovuni. Mkunga kwa Kigaeli, lugha yao, walimwita "mwanamke wa magoti", na alikuwa mtu wa heshima zake, si wa kuambiwa anawe mikono. Mchungaji wao, Angus Fiddes, alichoka kuzika. Akaenda Glasgow kujifunza namna ya kusafisha kitovu kwa dawa ya kuua vijidudu, akarudi, akashikilia hapo hapo, na miaka ya 1890 ugonjwa ukakoma. Mwanaidi, ni sabuni na dawa ya kidonda tu!

Serikali iliamka mwaka 1912, tume ya Sir John Dewar ilipozunguka milimani na visiwani kuwasikiliza watu. Mwaka uliofuata zikatengwa pauni 42,000 kwa mwaka, madaktari wakapata mapato ya kueleweka, na mgonjwa wa mbali akaacha kutozwa kwa maili. Kwangu mimi hilo la maili ndilo dawa yenyewe.

Nilipomsomea bibi zile kurasa alinyamaza, kisha akauliza kama mkunga ameandikwa jina. Nikamwambia hapana. Akaguna, akaomba chai.

Hebu niambie, kule kwenu bado wanakuleteeni watoto waliopakwa vitu kitovuni? Nijibu kwa sauti, najua kuandika unaona uvivu.

Shoga yako,
Rehema